*SANDUKU LA KURA LIMFUATE MPIGA KURA, MTO UWE UMEJAA AU UMEKAUKA*

*Taarifa ya Kamati ya Tawi kwa wanachama wote, Garsen na vijiji vya Delta*



Tunawaandikia kwa sababu ya maneno mawili yanayozunguka kwenye magrupu na kwenye baraza tangu watu waanze kuhesabu miezi iliyobaki hadi tarehe 10 Agosti 2027. Neno la kwanza linasema: mvua ikizidi au ukame ukikaza, uchaguzi mkuu usukumwe mbele mpaka mambo yatulie. Neno la pili linasema: uchaguzi uendelee tu, na aliyezingirwa na maji au aliyehama na ng'ombe wake, hiyo ni bahati yake mbaya, atapiga kura 2032.

Kamati imekaa, imeyapima yote mawili, na imeyakataa yote mawili. La kwanza linampendelea aliye kitini. La pili linamfuta mwananchi aliyekwishapoteza shamba, nyumba na mifugo, likamnyang'anya na kura. Msimamo wa tawi ni huu, na tunaomba kila mwanachama aushike kwa kichwa:

*Tarehe isiguswe. Sanduku ndilo lihame. Na mshindi wa urais asitangazwe kabla ya walioathirika kupiga kura.*

Tafadhali someni mpaka mwisho kabla ya kujibu. Tumeandika kwa urefu kwa sababu jambo hili halielezeki kwa mistari miwili.

*1. KWA NINI TUNAKATAA KUAHIRISHA*

Katiba ya 2010 haikuacha tarehe ya uchaguzi mkononi mwa mtu. Kifungu cha 101 kinasema Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Wazee wetu wanakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya hapo: nchi nzima ilikaa ikimtazama rais, atavunja Bunge lini, na siku ya kura aliijua yeye na watu wake. Tarehe ilikuwa silaha. Wakenya waliitoa silaha hiyo mikononi mwa mkubwa wakaiweka kwenye Katiba.

Mlango wa kuongeza muda wa Bunge upo mmoja tu, nao uko kwenye Kifungu cha 102: nchi ikiwa vitani. Hata hapo lazima theluthi mbili ya wabunge wa Bunge la Taifa na theluthi mbili ya maseneta wakubali, muda usizidi miezi 6 kwa mara moja, na ukijumlishwa wote usizidi miezi 12.

Sasa linganisheni na Kifungu cha 58, kinachohusu kutangaza hali ya hatari. Huko wameorodhesha vita, uvamizi, uasi, machafuko, na wametaja pia janga la asili. Kwa hiyo walioandika Katiba walilijua neno hilo, na walilitumia pale walipolitaka. Walipofika kwenye muhula wa Bunge hawakulitia. Anayetuambia leo kwamba mafuriko yanatosha kusogeza uchaguzi mkuu anatuongezea maneno ambayo wananchi hawakuyapigia kura.

Na hekima yake inaonekana hata bila wakili. Maafa ndiyo siku ambayo raia anaijua serikali yake. Tuta lilijengwa au halikujengwa? Onyo lilitolewa mapema, au watu waliamshwa na maji kitandani? Chakula kilifika kambini au kilipotelea njiani? Aliye madarakani wakati wa mafuriko ndiye aliyekuwa na bajeti ya kuyazuia. Ukimwambia kwamba maafa yakiwa makubwa vya kutosha ataongezewa muda, umemlipa kwa kutojenga tuta. Kesho atakuwa na sababu gani ya kujenga?

Kwa hiyo yeyote atakayesimama jukwaani kwetu na kuomba uchaguzi mkuu uahirishwe kwa sababu ya mvua, awe wa chama kingine au wa chama chetu, tawi hili halitampigia makofi.

*2. KWA NINI TUNAKATAA "UENDELEE TU"*

Hapa ndipo wengi wa wenzetu wanateleza. Wanasema vizuri kwamba tarehe ni takatifu, kisha wanaishia hapo. Lakini uchaguzi unaofanyika kwa tarehe huku sehemu ya nchi iko juu ya miti si uchaguzi wa nchi nzima. Mwenye tarehe bila kituo hana kura.

Tazameni jirani zetu wa Kongo, ndugu zetu wa Kivu Kaskazini tunaoelewana nao kwa Kiswahili. Uchaguzi wao mkuu ulikuwa tarehe 30 Desemba 2018. Tarehe 26 Desemba, siku nne kabla, tume ya uchaguzi ya nchi hiyo ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura siku hiyo, watangoja hadi Machi 2019. Sababu zilizotolewa ni ugonjwa wa Ebola na ukosefu wa usalama. Yumbi, upande wa magharibi, nayo ikasogezwa kwa sababu ya mapigano. Wapiga kura waliofungiwa nje walizidi milioni moja.

Ebola ilikuwepo kweli, na watu walikuwa wanakufa kweli. Lakini makanisa, misikiti na masoko ya Beni yalikuwa wazi, na wagombea walikuwa wamefanya kampeni. Tarehe 30 Desemba wananchi wa Beni wakajipangia vituo vyao wenyewe, wakanawa mikono kwa dawa, wakapanga foleni, wakapiga kura ambazo walijua hakuna atakayezihesabu. Walitaka dunia ione kwamba ugonjwa haukuwazuia kusimama kwenye foleni.

Sasa hesabu. Matokeo ya mwanzo yaliyotangazwa Januari 2019 yalimpa Félix Tshisekedi ushindi dhidi ya Martin Fayulu kwa tofauti ya kura kama 684,000. Waliozuiwa kupiga kura walikuwa zaidi ya tofauti hiyo. Rais mpya akaapishwa tarehe 24 Januari. Beni na Butembo walipofikiwa tarehe 31 Machi, walipewa karatasi za wabunge tu. Rais alikuwa amekaa Ikulu zaidi ya miezi miwili.

Hatusemi hapa nani alistahili kushinda Kongo; hilo ni lao. Tunasema kwamba pale ambapo idadi ya walioachwa nje inazidi tofauti kati ya wa kwanza na wa pili, hakuna mtu duniani anayeweza kuapa kwamba ameijua nia ya wananchi. Na aliyeachwa nje, hata kama kura yake isingebadilisha kitu, ameambiwa jambo moja waziwazi: nchi inaweza kuchagua rais bila wewe.

*3. MLANGO HUOHUO UMO KATIKA SHERIA YETU*

Mwanachama mmoja atasema, hayo ni ya Kongo, Kenya tuna Katiba. Ndugu, someni Sheria ya Uchaguzi, kifungu cha 55B.

Kifungu hicho kinairuhusu Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) kuahirisha kura katika kaunti, eneo bunge au wadi pale ambapo kuna hofu ya amani kuvunjika, au ambapo janga la asili au dharura nyingine imefanya uchaguzi usiwezekane. Hapo hatuna ugomvi. Kuahirisha kura ya wadi moja kwa siku mbili ili mashua zipatikane ni jambo la busara, na ni tofauti kabisa na kusimamisha uchaguzi wa nchi.

Ugomvi wetu uko kwenye kijifungu cha 3. Hicho kinasema kwamba tume ikiridhika kuwa kura za eneo lililoahirishwa haziwezi kubadilisha matokeo, inaweza kuagiza matokeo yatangazwe bila kulingoja eneo hilo. Someni tena polepole. Maana yake ni kwamba mafuriko yakitukumba sisi, karani aliyeketi Nairobi anaweza kupiga hesabu, akaona sisi ni wachache, akaendelea bila sisi, na akawa hajavunja sheria.

Hili si jambo la kufikirika. Katika uchaguzi wa marudio wa urais wa tarehe 26 Oktoba 2017, kura hazikupigwa katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori kwa sababu ya vurugu. Tume ikasogeza kura za huko hadi tarehe 28, kisha ikasimamisha kabisa, na tarehe 30 matokeo ya urais yakatangazwa. Mahakama ya Juu ikayaidhinisha mwezi wa Novemba. Hatuleti hapa ugomvi wa 2017, wa nani alisusia na nani hakususia. Tunachosema ni kwamba njia hiyo imekwishapitwa mara moja, na inajulikana inapita wapi. Mara ya kwanza sababu ilikuwa vurugu. Mara ya pili inaweza kuwa maji, na wa kuachwa nyuma tukawa sisi.

Kaunti yetu haina watu wengi kama Nairobi au Kiambu. Katika hesabu ya "haziwezi kubadilisha matokeo", sisi ndio wa kwanza kukatwa. Lakini Katiba haikumpa mpiga kura wa Kipini nusu ya kura ya mpiga kura wa Kasarani. Na Kifungu cha 83 kinasema wazi kwamba mipango ya kuandikisha wapiga kura na kuendesha uchaguzi iwe ya kumrahisishia raia kupiga kura, isiwe ya kumnyima.

*4. HAPA KWETU TUNAYAJUA MAJI, NA TUNAUJUA UKAME*

Hakuna haja ya kumhadithia mtu wa Delta mafuriko ni nini. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilipoujaza mto, familia zilihamia kwenye miinuko na turubai zao. Kabla hazijarudi vizuri, ikaja masika ya 2024, iliyoua karibu watu 300 nchi nzima. Tarehe 28 Aprili mwaka huo mashua iliyobeba abiria ilizama kwenye maji ya mafuriko kati ya Madogo na Garissa, pale ambapo siku zote watu hupita kwa gari. Siku iliyofuata maji yakasomba watu Mai Mahiu usiku wamelala. Shule nchini zilichelewa kufunguliwa hadi Mei 13.

Sasa wekeni siku ya kura katikati ya hali hiyo, mwone mambo manne.

La kwanza, *shule.* Kituo cha kupigia kura ni shule. Kambi ya waliofurikiwa nayo ni shule, kwa kuwa ndiyo yenye mabati na choo na iko kwenye mwinuko. Siku ya kura, je, familia zitatolewa darasani na magodoro yao ili sanduku liingie? Au sanduku litakosa mahali?

La pili, *kitambulisho.* Maji hayachagui. Yanachukua mbuzi, yanachukua mahindi, yanachukua na kitambulisho kilichowekwa chini ya godoro. Bila kitambulisho hupewi karatasi, hata kama karani ni mtoto wa shangazi yako na anakujua tangu utotoni.

La tatu, *kituo chenyewe.* Jina lako liko kwenye kituo cha kijiji chako. Kijiji chako kiko chini ya maji. Wewe uko kambini kwenye wadi nyingine, hatua chache kutoka kituo kilicho wazi, lakini jina lako halimo humo. Na sheria hufunga dirisha la kuhamisha kura kitambo kabla ya uchaguzi, wakati mto haupigi hodi wala haungoji dirisha.

La nne ni *ukame,* na hili husahaulika kwa sababu ukame hauna picha ya helikopta. Uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 ulifanyika wakati misimu minne mfululizo ya mvua ilikuwa imekosa, na zaidi ya watu milioni 4 nchini walikuwa hawana chakula cha kutosha. Vituo vilifunguliwa, mashine zikawaka, magazeti yakaandika kwamba siku ilipita kwa utulivu. Lakini ndugu zetu wafugaji, Waorma na Wawardei na wenzao wa kaunti za kaskazini, ng'ombe wanapokufa hufuata nyasi na maji. Mtu aliye malishoni, siku kadhaa za kutembea kutoka kituo chake, atachagua nini kati ya karatasi sita na ng'ombe watatu waliobaki? Utulivu wa kituo kisicho na watu si ushahidi kwamba watu wametosheka.

*5. "LAKINI AGOSTI NI KIANGAZI"*

Hili ndilo jibu tutakalopewa, na wanachama wawe tayari nalo. Ni kweli kwamba Agosti mvua za masika zimekwisha na za vuli hazijaanza. Lakini ukame hauijui kalenda ya mvua, kama tulivyoona 2022. Pili, familia iliyohamishwa na mafuriko ya Mei haiko nyumbani Agosti. Maji hurudi mtoni upesi kuliko watu wanavyorudi kijijini. Kuna tope la kuondoa, kisima cha kusafisha na nyumba ya kusimamisha upya.

Tatu, Agosti si lazima iwe mwisho wa shughuli. Mgombea asipopata zaidi ya nusu ya kura na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, kunakuwa na duru ya pili ndani ya siku 30. Mahakama ya Juu ikibatilisha matokeo, uchaguzi mpya hufanywa ndani ya siku 60. Ilitokea 2017, na marudio yakaangukia mwisho wa Oktoba, vuli ikianza kubisha mlango. Mwaka wa El Niño, Oktoba hiyohiyo Delta inaweza kuwa majini. Kabla ya Katiba mpya, uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1997 uliangukia kwenye mvua za El Niño, vifaa vikakwama, na tume ya wakati huo ikalazimika kuruhusu kura ziendelee hadi tarehe 30. Kwa hiyo anayesema "haiwezi kutokea" hajasoma historia ya nchi yake.

*6. INAWEZEKANA*

Hapo 1997 nchi haikuahirisha uchaguzi na haikuwaacha watu nyuma ya mto. Iliongeza siku. Hiyo ni Kenya, tena Kenya ya barabara mbovu kuliko za leo na simu za mkononi chache mno.

Marekani, kimbunga Sandy kiliipiga New York tarehe 29 Oktoba 2012, wiki moja tu kabla ya uchaguzi wa urais wa tarehe 6 Novemba. Tarehe haikuguswa. Gavana akaamuru kwamba aliyehamishwa na kimbunga anaweza kupiga kura ya rais katika kituo chochote cha jimbo hilo, kwa kiapo. New Orleans, baada ya kimbunga Katrina cha 2005, uchaguzi wa meya ulisogezwa kutoka Februari hadi Aprili 2006, na vituo vikafunguliwa katika miji mingine ya Louisiana ambako watu walikuwa wamekimbilia. Yale ya uchaguzi wa jiji tunayataja kwa sababu ya vituo kuwafuata watu. Tarehe ya uchaguzi mkuu wetu ni jambo jingine.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 2022 Wakenya walio ng'ambo walipiga kura ya urais katika nchi 12. Wafungwa wetu hupiga kura ya urais wakiwa gerezani. Sanduku la Kenya linapanda ndege hadi Uingereza na Qatar, linaingia ndani ya lango la gereza, halafu tunaambiwa haliwezi kuvuka Tana kwa mashua? Likishindwa kuvuka, basi hakuna aliyetaka livuke.

*7. MADAI YA TAWI*

Kamati inapeleka madai haya kwa uongozi wa chama wa kaunti na wa taifa, yafikishwe kwa tume na Bungeni mapema, kabla ya mvua wala kampeni:

*(a)* Kila kituo kilicho kwenye bonde la mafuriko kiwe na *kituo mbadala* kwenye mwinuko, kilichotangazwa kwenye Gazeti la Serikali mapema. Kituo kikihama, kihame chote: sajili yake, karatasi zake zote sita, mashine yake ya KIEMS na mawakala wake. Hivyo mtu wa kijiji fulani atamchagua mwakilishi wadi wa kwao hata akiwa kambini.

*(b)* Shule iliyo kambi ya waathiriwa isifanywe kituo. Mahema ya kupigia kura yawekwe kando, na hakuna familia itakayotolewa darasani kwa ajili ya sanduku.

*(c)* Vitambulisho vilivyopotea kwa mafuriko vitolewe upya bila malipo, maofisa waje kambini na kamera zao, na mtu asiambiwe afuate ofisi iliyo ng'ambo ya maji.

*(d)* Kwa wafugaji waliohama na ukame, pawe na vituo vya kuhamahama kwenye maeneo ya malisho, angalau kwa kura ya urais. Rais ni mmoja Kenya nzima, karatasi yake ni ileile Garsen na Garissa.

*(e)* Eneo likishindwa kabisa siku ya kura, liongezewe siku ndani ya *siku tatu,* ili kura zake ziingie kwenye hesabu ya taifa. Katiba inaitaka tume itangaze matokeo ya urais ndani ya siku saba. Siku tatu zinatosha, mashua zikiwa zimeandaliwa.

*(f)* Kijifungu cha 3 cha 55B kifutwe kwa upande wa kura ya urais. Mshindi asitangazwe kwa kukisia kwamba sisi tungepiga vipi.

Wapo watakaosema kuhamisha vituo ni kufungua mlango wa wizi wa kura. Hofu hiyo ni ya haki, nasi tunayo. Dawa yake ni uwazi: kituo mbadala kijulikane miezi kabla, mawakala wa vyama vyote wapande mashua moja na sanduku, kura zihesabiwe palepale, na Fomu 34A ibandikwe palepale kambini kila mtu aisome. Wizi hupenda jambo la ghafla. Ndiyo maana tunadai mpango leo, wakati mto umetulia.

Wengine watataja gharama. Mashua na mahema ni gharama ndogo kwa nchi inayonunua mashine kwa kila kituo. Na maji ya Tana hayaanguki juu yetu kutoka mbinguni bila taarifa. Mengi hutoka milimani na kupita kwenye mabwawa ya juu, na huchukua siku kadhaa kutufikia. Idara ya hali ya anga hutoa utabiri wa msimu. Tahadhari kabla ya athari.

*8. UNGA SI KAMPENI*

Jambo hili linatuhusu sisi wenyewe ndani ya chama. Maafa yakija wakati wa kampeni, magunia ya unga huanza kuota picha za wagombea. Blanketi linatolewa, halafu jina la mtu linaandikwa kwenye daftari, halafu anaambiwa "tutaonana Agosti". Hiyo ni hongo, na sheria ya makosa ya uchaguzi inaijua kwa jina hilo.

Tawi hili linaagiza: mwanachama anayetaka kusaidia wenye njaa apeleke msaada wake kupitia kamati ya kambi, msikiti, kanisa au Shirika la Msalaba Mwekundu, bila fulana wala bendera wala picha. Mgombea yeyote, wetu wakiwemo, atakayepanga foleni ya waathiriwa ili apigwe picha akiwapa unga, kamati itamwandikia barua na nakala itabandikwa kwenye ubao wa ofisi. Mtu mwenye njaa apewe chakula kwa sababu ana njaa.

*9. KAZI YA KILA MWANACHAMA*

Maneno bila kazi ni upepo. Kuanzia wiki hii:

*Kwanza,* kila mwanachama ahakikishe jina lake liko kwenye sajili ya wapiga kura na kwenye kituo anachokijua. Mwenye mtoto aliyefika miaka 18 asimwache nyuma.

*Pili,* tia kitambulisho chako kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji, mahali unapoweza kukichukua gizani. Andika namba yake kwenye daftari la familia. Nakala haitakupigia kura, lakini itarahisisha kupata kingine.

*Tatu,* makatibu wa vijiji waorodheshe vituo vyote vinavyozingirwa na maji, na kwa kila kimoja wapendekeze mwinuko wa karibu ambao wazee wanajua haujafikiwa na mafuriko. Wazee waulizwe, wao wanazo kumbukumbu za mto kuliko ramani. Orodha ifike ofisini kabla ya mwisho wa mwezi.

*Nne,* wenye mashua na mitumbwi wajiandikishe kwa katibu. Hatuiachi serikali kazi yake, lakini hatutakaa ng'ambo tukitazama sanduku upande wa pili.

*Tano,* viongozi wa vijiji wakae na wenzao wa vyama vingine kuhusu orodha hiyo. Maji yakija hayaulizi kadi ya chama. Kijiji cha wapinzani wetu kikiachwa nje ya kura leo, kesho chetu kitaachwa kwa kipimo hichohicho. Hata kama tungejua kwamba wote wa ng'ambo ile watatupigia kura ya hapana, tunataka wavuke waipige.

Ndugu wanachama, mafuriko yatakuja tena na ukame utakuja tena. Hayo hatuna uwezo wa kuyazuia kwa taarifa ya tawi. Tunaloweza kuzuia ni mtu kuyatumia maafa yetu kuongeza muda wake, au kuyatumia kutupunguza katika hesabu ya nchi.

Yeyote atakayewaletea lile neno la kwanza au la pili kwenye baraza, mjibuni kwa adabu na kwa vifungu: 58, 83, 101, 102, na 55B. Asiyetaka kusikiliza mwacheni. Anayetaka kusikiliza, mpeni taarifa hii aisome mwenyewe.

Mkutano wa tawi wa kupokea orodha za vijiji utatangazwa kwenye grupu hili. Maswali yapelekwe kwa katibu, si kwenye grupu usiku wa manane.

Tarehe isiguswe. Sanduku lihame. Wote tuhesabiwe.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi, kwa niaba ya wanachama.*
_Tafadhali wasambazie wanachama wasio na simu kwa kuwasomea._